Mshono wa Ndani ya Karai

Nyambura, mama yangu,

Umeenda Wamagana kumuaga cucu, bibi yako, na mama yako yuko nyumbani akipanga sanduku lako na kulipangua. Mambo ya sweta, ya dawa ya tumbo, ya maji ya kunywa na ya kupiga simu ukifika ameyashika yeye, na kwa jinsi unavyomjua, hakuna atakachosahau. Mimi niko karakana. Nimekalia mtungi wa gesi uliokwisha, karatasi iko juu ya goti, na penseli ni ile ya kuchorea mabamba, kwa hivyo usishangae mwandiko ukiwa mnene.

Naandika kwa sababu jana jioni uliniambia neno na sikulijibu. Ulikuwa unaosha vikombe, ukasema bila kugeuka, "Baba, hii safari naweza ahirisha. Niende tu mwaka ujao. Hao watu wa India watanielewa." Mimi nikajifanya nasikiliza taarifa ya habari, na wewe ukaendelea na vikombe vyako.

Ukweli ni kwamba nilifurahi. Nilifurahi hata kabla hujamaliza kusema, kisha furaha hiyo ikanikosesha usingizi. Mzazi anayefurahi kusikia mtoto wake hataondoka ana kasoro mahali fulani, na mimi kazi yangu miaka yote imekuwa kutafuta kasoro. Safari hii sikuhitaji kuitafuta mbali.

Basi leo ulipotoka tu langoni, nilibeba karai nikaenda kwa Hassan, fundi wa injini hapo jirani. Unalikumbuka tangi la pili la Mama Nyawira wa maziwa, lile ulilosema tuliweke kando mpaka ijulikane kama utabaki. Nimelifanya. Nimeuchoma mshono mwenyewe, nikaupitishia pini ndani ya maji mwenyewe, bila wewe kusimama nyuma yangu ukiniambia polepole. Sasa tangi limesimama hapa mbele yangu, limejaa maji hadi shingoni, na mshono nimeupaka unga wa chaki kutoka mwanzo hadi mwisho. Pakivuja mahali, chaki italowa na nitapaona. Mpaka sasa ni kavu.

Lakini wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba maji hukuonyesha tundu tu, hayakuonyeshi udhaifu. Udhaifu hutafutwa kwenye vaisi, kile kibano cha mezani. Unakata kipande kidogo mwisho wa mshono, unakibana, unakipinda mpaka kikatike au kikatae kukatika. Kipande nimekikata. Kiko kwenye mfuko wa ovaroli. Sijakipinda bado, kwa sababu naogopa. Kikikatika, nitajua kwamba karakana hii haiwezi kazi yako bila wewe, na wewe utaniona usoni ukiingia tu, kisha utafungua sanduku utoe nguo. Kwa hivyo naandika kwanza. Usinicheke.

Nianze na tangi la kwanza, kwa sababu makosa yangu mengi yalikuwa mle ndani, na wewe uliona nusu tu.

Unajua akina mama wa Mweiga hupakia tangi lao kwenye pikapu kila alfajiri kukusanya maziwa. Nililitengeneza mimi na nilijivunia. Upande wa nyuma ulikuwa na vipande viwili: juu bamba jipya la dukani, chini bamba gumu nililokata kwenye bodi ya lori lililokufa, maana hapo ndipo bomba hufungwa na panataka nguvu. Unene ulikuwa karibu sawa. Mimi nilikuwa nikisema alumini ni alumini. Inang'aa sawa, ni nyepesi sawa, sumaku haiishiki, basi maneno yamekwisha. Nikaunganisha kwa gesi ya argoni, mshono ukatoka mzuri hata Mama Nyawira akaupiga picha.

Mshono wenyewe haukuwahi kukatika. Bamba lilikatika kando yake, upande wa lori, ufa mwembamba kama unywele. Nikachoma tena. Likapasuka tena, hapo hapo kando. Nikaongeza moto, nikaongeza waya, mpaka mshono ukawa mnene kama kidole gumba. Kila nilipoongeza moto ndivyo bamba la pembeni lilivyozidi kulainika, nami nikazidi kuliita kaidi.

Na ilhali nilijua. Tangu ukiwa mdogo uliniona nikipaka sabuni ya mche kwenye bamba kabla ya kulipasha moto, nikingoja sabuni igeuke rangi ya chai ya rangi, kwa sababu alumini haiwi nyekundu kukuonya. Hunyamaza tu, halafu huanguka yote chini kwa mara moja. Nilikueleza hayo mwenyewe, ukiwa umevaa yunifomu, ukila mkate mlangoni. Lakini kujua jambo ukiwa umetulia ni tofauti na kulikumbuka ukiwa na hasira, na mimi nilichoma lile tangi nikiwa na hasira kila mara isipokuwa ile ya kwanza.

Kisha ikaja asubuhi lilipoachilia barabarani. Mama Nyawira hakuja na kelele, na ningependelea kelele. Alikuja amechoka, akasimama pale kwenye kizingiti na buti zake za matope, akasema, "Baba Nyambura, imeachilia tena. Maziwa yote imeenda kwa lami. Hata paka za Mweiga zimeshiba zikalala." Akasema akina mama wamekubaliana tangi lipelekwe Nairobi, na amekuja kuniambia mwenyewe nisije nikasikia kwa watu. Ni mteja wangu tangu Nyawira akiwa mgongoni.

Wewe ulikuwa umemaliza chuo, uko nyumbani unangoja majibu ya India. Uliinama chini ya tangi na tochi ya simu, ukaukuna ule ufa na ukucha, ukaniuliza, "Hii ya chini ulitoa wapi, Baba?" Swali la haki kabisa. Nami, mbele ya Mama Nyawira na vijana wawili waliokuja kuchomewa geti, nikakuambia, "Wewe msichana, hii si mambo ya vitabu."

Nataka kusema jambo kuhusu hilo "wewe msichana". Wewe ni kifungua mimba wangu na jina lako ni la mama yangu, kama ilivyo kwetu, na mtu hawezi kupandisha sauti juu ya jina la mama yake. Ndiyo maana nikitulia nakuita mama. Na ndiyo maana nikikasirika nilikuwa nakuvua jina kwanza, ndipo nigombe. Niliona kwamba hiyo ni heshima. Nilidhani namlinda cucu wako. Siku ile nilikuona uso ukibadilika, na nikaelewa kwamba miaka yote umekuwa na jina nikiwa mtulivu tu. Iliniuma, na bado inaniuma nikiandika.

Jioni hukuzira, ukaja kunieleza. Wengine wangezira. Ulisema yale mabamba mawili hayakupata nguvu kwa njia moja. La dukani lilipata kwa kuchanganywa na kusukumwa kati ya roli nzito za chuma, la lori lilipata kwa kupashwa joto kiwandani na kupozwa kwa mpango, na moto wangu ulikuwa unaifuta ile nguvu ya kiwandani. Mshono wenyewe nao, ulisema, una vitundu vidogo vidogo na chembe kubwa za ovyo. Ukasema kuna njia ya kuutengeneza baada ya kuuchoma: unachukua pini ngumu inayozunguka kwa kasi, unaikandamiza juu ya mshono na kuitembeza, na metali inalainika bila kuyeyuka, inasongwa kama ugali, vitundu vinazibwa na chembe zinakuwa ndogo. Mpaka hapo nilikuwa nakusikiliza, ingawa nilikuwa nimekunja uso. Halafu ukasema kazi yote ifanyike ndani ya maji, ili joto lisipate nafasi ya kutembea pembeni na kulainisha bamba.

Hapo ndipo niliposimama. Maji na weldi!

Sijawahi kukueleza nilikotoa hofu hiyo. Nikiwa kijana nilifundishwa kazi na fundi mmoja kule Sagana, mtu mkali, mahali malori yanaposimama. Siku moja dereva alikuwa na haraka, nami nikachovya weldi ya ndoano ya trela kwenye ndoo ili ipoe upesi. Fundi aliichukua, akaigonga kwa nyundo mara moja, ikavunjika kama biskuti. Kisha akanipiga kofi na glavu ya ngozi, ile ngumu. Dereva yule angeiburuta trela hadi Karatina na ndoano ile, na mbele yake kuna watoto wanavuka barabara. Kwa hivyo kofi lile lilikuwa na sababu, na nililibeba. Kila kijana aliyepita kwangu nilimwambia maji ni adui wa weldi.

Kwa chuma, fundi yule alisema kweli. Na hata alumini ikiwa imeyeyuka, unyevu huijaza mapovu, hilo hata wewe ulikubali. Kwa hivyo sikuwa mjinga mtupu. Nilichukua tu sheria ya chuma nikaivalisha kitu ambacho si chuma, na kwa kazi ambayo sikuwahi kuiona. Uliniambia, "Lakini Baba, hapa hakuna kitu inayeyuka. Maji itaingia wapi?" Nikatoka nje kwenda kutafuta spana ambayo haikuwa imepotea.

Aliyeniokoa ni Hassan. Ulienda kumwomba ile mashine yake ya kuchongea silinda hedi za magari, naye kwa adabu zake akaja kwanza kuniuliza mimi, na kofia yake ya kufuma kichwani, akitoka kuswali. Nikaanza kumweleza habari za Sagana. Alizijua, nimemsimulia mara nyingi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee, huyu ameomba karai na mashine yangu nusu siku. Hajaomba shamba. Mpe."

Nikakupa. Ilikuwa kabla ya mvua ndefu kuanza. Nilikuja nimevaa miwani ya kuchomea na ngao ya uso, nimesimama hatua kadhaa nyuma kama kawaida, nikingoja mwanga. Hakukuwa na mwanga. Karai lilikuwa juu ya meza ya mashine, kipande kimebanwa chini ya maji, pini inazunguka, na kilichosikika ni mngurumo tu, na maji yakitetemeka na kutoa mvuke kidogo. Hakuna cheche, hakuna moshi. Hassan aliniangalia nikiwa na ngao yangu usoni akageuka upande ili asicheke. Nilihisi nimedanganywa. Maisha yangu yote kazi ngumu ilikuwa ile inayoonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Ulipomaliza ulikata vipande viwili, kimoja cha mshono wangu wa kawaida na kimoja cha wako. Wangu ulilia kwenye vaisi, ukakatika kando, pale pale. Wako ulipinda, ukapinda, mpaka ncha zikakaribiana, na juu ya mgongo wake hapakuwa na ufa hata wa kutafuta kwa tochi. Ukanitazama. Ulikuwa na mafuta shavuni na maji hadi viwikoni, ukanitazama tu ukingoja.

Nikasema, "Iko sawa." Nikaenda kunywa chai.

Sikwenda kunywa chai, Nyambura. Nilienda nyuma ya karakana ya Hassan, pale penye matairi, nikakaa chini nikacheka peke yangu. Nilicheka mpaka machozi. Ulikuwa ni mshono bora kuliko wowote nilioupata kwenye alumini, na aliyeufanya alikuwa mtoto wangu, na tangi halingeenda Nairobi. Yote hayo nilikuwa nayo kifuani, na nilichokupa ni maneno mawili ambayo humpa hata mtu aliyeniletea sufuria. Ulistahili kuona kile kicheko. Nilikificha kwa sababu gani sijui, pengine kwa kuwa fundi wangu wa Sagana hakuwahi kunisifu, na nilidhani ndivyo fundi anavyokuwa.

Ngoja niangalie chaki.

Nimerudi. Niliona doa, nikapiga magoti. Kumbe ni mabati yanayodondosha. Ile baridi ya Julai, ukungu haujapanda tangu asubuhi, na kila kitu kinatoa jasho. Nimefuta, nimepaka upya, na nimesogeza tangi mbali na paa. Ni kavu.

Tangi lako la kwanza limepita mvua ndefu yote kwenye zile barabara za ndani za Mweiga, na Mama Nyawira hajarudi hapa ila kuleta la pili. Alipolileta aliniuliza yule fundi wa maji yuko. Nikamwambia yuko, na nikamwambia kwa sauti, mbele ya watu. Hilo angalau nilijifunza.

Lakini sasa nifike kwenye lile la jana, maana nimelizunguka vya kutosha.

Barua ya India ilipokuja, ya kwamba wamekupa nafasi uendelee na kazi hii hii kwenye maabara yao, mama yako alipiga kigelegele mpaka majirani wakaja. Mimi nikakupa mkono. Na wiki ile nikaanza kuumwa mgongo. Mgongo ni wa kweli, daktari mwenyewe aliuona. Ila nimeuchunguza, na nimegundua uliuma zaidi wewe ukiwa karibu. Ukienda dukani ulipoa. Ukirudi nilishika kiuno nikisimama. Nikawa nauliza hewani, bila kumtaja mtu, nani atakuja kufungua hii karakana asubuhi, nani ataelewa hii kazi ya maji, hawa vijana wa siku hizi wanataka pikipiki tu. Sikuwahi kukuambia ubaki. Mimi ni mjanja kuliko hivyo. Niliugua tu mahali unapoweza kuniona.

Na wewe ukaanza kuamka mapema, ukafungua karakana kabla yangu, ukabeba mitungi. Nikakuacha ubebe. Mpaka jana ukasema unaweza kuahirisha, na nikafurahi, na ndipo nikaiona kazi ya mikono yangu.

Siku moja utakuwa na mtu unayempenda karibu, naye atataka kwenda mahali, na utajikuta unakohoa mahali anapoweza kukusikia. Ukijisikia unakohoa, nikumbuke. Sisemi zaidi, maana nilisikia mahubiri ya kutosha Jumapili, na wewe pia.

Nikuambie badala yake ya leo asubuhi, kwa sababu yanachekesha. Kwanza nilisahau kila kitu. Nilipitisha pini vizuri kwenye kipande cha kujaribia, nikafika mwisho, nikaiinua, na ikaniachia tundu kubwa katikati ya kazi. Hassan akatazama paa. Ndipo nikakumbuka ulivyoniambia, pini ikitoka lazima iache shimo, kwa hivyo unafunga kipande cha ziada mwisho wa mshono, unamalizia nje, kisha unakikata unakitupa. Anza nje, malizia nje. Uliniambia mara ngapi hiyo?

Kwenye bamba la nyuma la tangi lenyewe, kabla ya kulifunga mahali pake, nilifunga kipande cha ziada kila upande. Nilijaza karai maji ya mfereji, na kwa baridi hii yalikuwa makali hata vidole vikafa. Huko uendako nasikia ni joto mwaka mzima na maji ya bomba hutoka ya vuguvugu. Sijui mtafanyaje. Waambie Nyeri tuna baridi ya bure, tunaweza kuwaletea. Kisha nikawasha mashine, na mkono wangu wa zamani ukataka kukimbiza, kama unavyokimbiza weldi kabla haijatoboa. Nikasema kwa sauti, "Polepole, Baba." Hassan akauliza naongea na nani. Nikamwambia naongea na fundi.

Na sikukasirika hata mara moja. Pini ilipoanza kutetemeka nilisimamisha, nikakaza, nikaendelea. Sikumbuki siku nyingine nimefanya kazi ngumu kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kugombeza mtu au chombo. Labda ni kwa sababu hakukuwa na moto, au ni kwa sababu nilitaka sana ifaulu. Nilipozima mashine nilikuta nimetulia, nikashangaa, maana sijui hali hiyo huanza wapi.

Huko utapata walimu. Ukipata mmoja kama yule wangu wa Sagana, chukua anachojua na umwachie kofi lake. Na usibebe kila alichokuambia ukakipeleka mahali ambapo yeye hakupapima, kama nilivyofanya mimi. Uliza, hata ukionekana hujui. Uliniuliza bamba limetoka wapi, na lilikuwa swali bora lililowahi kuulizwa humu ndani. Na ukiwa na mtu chini yako, akifanya kitu kizuri, mwambie ni kizuri hapo hapo, kabla ya chai.

Cucu atakuwa amekwisha kukumwagia baraka sasa na kukujazia mfuko viazi vitamu ambavyo uwanja wa ndege hawatakubali. Uvichukue tu. Tutavila sisi.

Karatasi inaisha na sina tena pa kujificha. Nainuka.

Nimerudi, na sasa naandika nyuma ya karatasi, utasoma kwa shida.

Nilikibana kwenye vaisi, mshono ukiwa juu kama unavyofanya, nikakivisha bomba refu upande wa juu nipate nguvu ya kuvuta. Unajua weldi mbovu hukuambia kwa sikio kabla ya jicho. Kuna kasauti, tik, halafu ndiyo ufa. Nilikuwa nakangoja kasauti kale. Nikavuta. Kimya. Nikavuta zaidi, kikaanza kupinda. Nikafunga macho, nakuambia ukweli wangu, nikaegemea na uzito wangu wote na mgongo huu huu, mpaka bomba likagonga meza. Nilipofungua macho kilikuwa kimejikunja kabisa, ncha karibu zigusane. Nikatoa tochi. Nikakipitishia ukucha, kama wewe. Hakuna ufa. Pale nilipoanzia mshono umekwenda kushoto kidogo, utaona, lakini ufa hakuna.

Hassan alikuja mlangoni kwa sababu alisikia bomba likigonga meza. Akauliza, "Iko sawa?"

Nikamwambia, "Ni nzuri sana, Hassan. Ni nzuri sana." Akanishangaa, maana hajawahi kunisikia. Kisha nikalia mbele yake, na yeye akashika bega langu, na wala sikuona haya. Ni kama mtu ameniondolea mtungi kifuani. Mama Nyawira atapata tangi lake, karakana itafunguliwa kesho kutwa, tukishakusindikiza, na kazi ya maji nitaifanya mimi, na kijana yule wa geti, yule mpole, ameshaniomba nimfundishe. Nitamfundisha bila glavu.

Kwa hivyo hili ndilo jibu la jana. Usiahirishe. Nitakukumbuka kila siku, nakuambia mapema ili usisikie kwa watu, na nitakaa hapa mlangoni nikitazama kama unakuja hata nikijua uko ng'ambo. Hayo ni yangu, nitayabeba. Wewe usibaki kwa ajili ya hayo.

Kile kipande nimekiosha na kukifuta. Narudi nyumbani sasa, kabla hujafika, nimdanganye mama yako nataka kuona kama sanduku linafunga, nikitie ndani ya soksi yako ya kijivu pamoja na barua hii. Ukikiona huko usimwonyeshe mtu, ni cha mwanafunzi. Kipinde tena ukitaka, hakitakatika.

Nenda, Nyambura. Mgongo hauumi.

Baba yako